Jina Nililikata, Salamu Nikaiacha

Kazi yangu kwenye shirika moja la kufichua rushwa pale Tabora mjini ilikuwa kukata majina. Wananchi walipiga namba ya bure, wakaieleza mashine ya kurekodi kwa sauti zao nani kawadai rushwa, nami nilikata kila jina la mtu na la kijiji kabla rekodi haijarushwa kwenye makundi ya mtandaoni ya kila kata. Nilijiona fundi, tena fundi mwenye maringo.

Siku moja alipiga mama mjane wa kijiji kimoja cha njia ya Sikonge. Alihitaji barua ya mtendaji wa kijiji ili akafungue mirathi mahakamani, maana shemeji zake walishaanza kulima shamba la marehemu. Mtendaji alimwambia barua haiandikwi mpaka apeleke dumu la asali. Lakini kabla ya kueleza hayo, aliisalimia mashine. "Mwangaluka," akasema, salamu yetu ya asubuhi, akangoja. Alipoona kimya akajiitikia mwenyewe: "Haya, mmeamka salama, na watoto salama, na mimi sijambo."

Ofisini tulicheka mpaka machozi. Nikakata jina lake, la mumewe, la kijiji. Salamu nikaiacha, eti inaleta ladha. Na mimi ni Mnyamwezi, nimelelewa na bibi, najua fika kwamba kwetu mtu hutambulika kwa anavyosalimu hata kabla hujamwona sura.

Wiki haikuisha akapiga tena, akaomba mtu aende. Nikapanda pikipiki. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alinieleza bila ukali kwamba mtendaji aliitisha mkutano wa kijiji, akaifungulia ile sauti kwenye simu yake, na watu wote wakageuka kumtazama yeye. Kijiji kizima ni yeye tu anayejiitikia, tangu masikio yalipoanza kumsumbua akawa hasikii vizuri anapoitikiwa. Mtendaji akamwambia barua akaandikiwe huko mjini alikoshtaki. Shambani shemeji zake walikuwa wameshapanda tumbaku.

Kumbe tulikuwa tunacheka uziwi wa mtu. Niliona aibu, hata mikono sikujua niiweke wapi. Nikaanza maneno mengi ya kumfikisha mtendaji kwa wakubwa wake. Akanikatiza.

"Mwanangu, nitoe humo kwenye simu za watu. Hilo tu."

Rekodi ilikuwa imeshapita kwenye makundi ambayo hata siyajui. Nikamwambia nitamtoa leo hii hii, naye akanishukuru.