Baba mkwe alinunua pick-up kwangu na hakuomba nipunguze bei

Wakuu, habari za huko mliko.

Nitawaambia vile ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mbaya. Bibi yangu akijua nimeleta hii stori huku nitalala sebuleni, tena kwa sakafu, maana sofa hatuna tena. Mtaona kwa nini.

Mimi ni salesman kwa yard moja ya magari hapa Kisii town. Watu hudhani tunalipwa vizuri. Tunapewa kitu kidogo ya nauli na lunch, halafu commission kwa kila gari inayotoka.

Lakini pesa yenyewe iko kwa cha juu. Boss anakuambia, hii gari isiende chini ya hapa. Chochote utakachopata juu ya hapo ni chako. Kwa hivyo mteja akiuliza bei unataja ile yenye nafasi ya kushuka. Yeye analia, wewe unalia, mnakutana katikati. Kila mtu anajua huo mchezo.

Sasa Jumanne moja nikaona baba mkwe anaingia gate, peke yake, amevaa koti lake la kanisa.

Mzee ni mfugaji huko Nyansiongo. Alikuwa ameuza mitamba wawili, akaongeza bonus ya majani chai, anatafuta pick-up ya kubeba maziwa. Hakunipigia simu. Alikuja tu, kwa sababu mume wa binti yake anauza magari.

Kwa wale si Wakisii, kuna kitu tunaita chinsoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu kati yako na wakwe. Kuna mambo hamwezi kusemezana, na kwetu kuvutana bei ni mojawapo. Hata test drive nilimtuma mechanic aende naye, mimi nikabaki napanguza vioo ambavyo vilikuwa safi.

Waliporudi, mzee akauliza huku anaangalia chini, "Hii ni ngapi?"

Wakuu, mdomo ulishazoea. Nilitaja bei ya juu kabisa, ile ya kuanzia. Nikangoja akatae nimshushie haraka.

Akasema, "Sawa."

Ningesema nini? Nikishusha mwenyewe, nimekubali kwamba nilitaka kumla. Nikaona aibu, halafu nikafikiria rent, halafu nikaandika receipt kwa bei hiyo hiyo. Sijawahi kupata cha juu kubwa kama hiyo, na niliitoa kwa baba ya bibi yangu.

Nikanunua sofa. Kwamboka, bibi yangu, alifurahi sana, akaipiga picha akamtumia mamake.

Tangu hapo nikawa naogopa simu. Namba ya Nyansiongo ikiingia kwa simu, naiacha iite kwanza nipumue. Na gari haikuwa na shida yoyote. Afadhali ingekuwa nayo, maana mzee alikuwa ananisifu kanisani.

Hizo sifa ndizo zilinimaliza. Mwezi uliofuata akaniletea mteja, mama mmoja wa Nyaramba anayeuza ndizi jumla, anataka pick-up kama ile ile. Mzee akaketi kwa benchi nje ya office, mlango wazi.

Nikitaja bei ya chini, mzee anasikia. Nikitaja ya juu, huyu mama atapigana. Nikataja ile ile niliyompa mzee, sauti ikiwa chini.

"Kijana, hiyo ni bei ya nani?" mama akauliza. "Mimi nauza ndizi, najua mtu akiniongezea. Shuka."

Nikashuka.

"Bado uko juu ya mgomba. Shuka."

Nikashuka hadi karibu kabisa na bei ya boss. Kila nikitazama nje, mzee alikuwa ameshika kofia yake, anaizungusha pole pole kwa mikono. Tulipomaliza mzee alituaga vizuri, akaenda.

Wiki mbili mzee hakupiga simu.

Halafu Kwamboka akaenda kwao. Aliporudi aliketi kwa ile sofa bila kuvua viatu, akaniambia babake alisema hivi tu: "Nimeuza ng'ombe maisha yangu yote. Siku ile nilijua hiyo bei inashuka. Lakini siwezi kumwomba mkwe apunguze. Nilikuwa nangoja apunguze mwenyewe."

Mimi nilikuwa nangoja yeye aombe. Niliona aibu hadi nikatoka nje nikasimama tu.

Sofa tuliuza wiki hiyo hiyo. Nikaongeza za commission, nikamtumia mzee cha juu yote kwa simu. Zilifika. Hajajibu, na hajarudisha.

Nilichojifunza: ukienda yard, bei ya kwanza ina hewa ndani, usione haya kuuliza. Na wewe salesman mwenzangu, mtu ambaye hawezi kukuuliza, mpunguzie kabla hajafungua mdomo.

Shida ni kwamba chinsoni hainiruhusu kuanza hayo maneno, na yeye pia haimruhusu. Kila Alhamisi anakuja town kuchukua chakula ya ng'ombe. Pick-up yake ikifika mbele ya yard inapunguza mwendo. Mimi nasimama. Halafu inaenda.

Nyinyi mliooa kitambo, mnisaidie. Alhamisi hii ikipunguza mwendo tena, nifanye nini?