Ufa Ndani ya Bawa

Baba mkwe wangu ni mtu wa ng'ombe. Malisho yake yako juu ya mlima, upande wa Kibabi, na ana uhakika kwamba chochote kinachotembea kitamtii kikisikia sauti yake. Njo maana siku ile aliponiambia, "Mukwe, nipe hiyo telekomande," sikuweza kukataa. Mtu aliyekupa binti yake humwambii kwamba hajui kuendesha.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya kuchezea, ya kuongozwa toka chini kwa hiyo telekomande, ya mbao nyepesi iliyofunikwa kwa plastiki nyekundu, nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Niliipata Walikale, nilipokuwa nafundisha fizikia si mbali na machimbo ya Omate. Mtaalamu mmoja wa mawe aliyekuwa anarudi kwao aliniachia, nami nikaileta Masisi kwa pikipiki, imeviringishwa ndani ya blanketi, nimeipakata. Njia nzima dereva aliniuliza kama inanyonya.

Mzee aliirusha vizuri kwa muda wa kusali Baba Yetu mara moja, bila haraka. Kisha ndege ikaelekea kwa ng'ombe wake, naye, badala ya kusukuma kijiti cha telekomande, akaigombeza.

"Rudia huku. Nasema rudia."

Ikashuka pua mbele, ikagonga udongo, ikapinduka. Ng'ombe mmoja akaja kuinusa.

Mzee alinirudishia telekomande taratibu. "Hii ndege iko na kichwa nguvu," akasema. "Ilikuwa tayari na ugonjwa."

"Inawezekana, Papa," nikajibu.

Jumamosi iliyofuata niliilaza mezani na kuikagua kama mtihani wa mwanafunzi, nikiandika makosa kwa wino mwekundu. Feni ya mbele imevunjika. Pua imepasuka pale motere inapofungwa. Mkia umelegea. Nikabadilisha feni, nikapaka pua kole, ile gundi ya mbao, nikaunyoosha mkia. Kisha nikachukua kamba na kupima toka mkiani hadi ncha ya bawa la kushoto, halafu hadi ncha ya bawa la kulia. Vipimo vikawa sawasawa. Nikaandika chini ya ukurasa: imepona.

Mke wangu anatengeneza fromaji, jibini letu la Masisi, kwa maziwa ya baba yake, katika chumba kidogo nyuma ya jikoni. Kila fromaji anaigonga kwa kidole kilichokunjwa, na kwa mlio tu anajua kama ndani kuna shimo. Alitoka huko akifuta mikono, akaangalia kazi yangu, akaanza kuligonga bawa. Kushoto likalia tok, tok, tok. Kulia likalia tok, tok, kisha sauti ikawa nzito, kama imeziba.

"Hapa iko na kitu," akasema.

"Hapo hakuna kitu. Nimepima na kamba."

"Kamba yako iliingia ndani?"

Nilimweleza, kwa kirefu, kwamba mbao si fromaji. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtu anayeapa kwamba maziwa yake hayana maji.

"Sawa, Mwalimu," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Mke wangu akiniita Mwalimu ndani ya nyumba, najua nimeshashindwa, bado kuambiwa tu.

Nikabaki na bawa. Pale alipogonga, plastiki ilikuwa na mkunjo mdogo ambao mimi nilikuwa nimeuona na kuuita uzee. Nikaweka ncha mbili za bawa juu ya viti viwili, nikabonyeza katikati kidogo. Upande wa kulia ukapinda zaidi, ukatoa mlio wa kijiti kikavu. Nikaangalia mlangoni. Hakukuwa na mtu. Niliwaza kulipasua, kulitengeneza na kulifunga kimyakimya, lakini kisu chenye makali kilikuwa kwenye chumba cha fromaji.

"Nakuja kuomba kisu," nikasema.

"Ya kukata mbao yenye haiko na kitu?"

Alikuja nacho yeye mwenyewe. Tulipofungua plastiki, tukakuta mti mkuu unaopita ndani ya bawa umepasuka mshazari, urefu wa kidole kizima. Plastiki tu njo ilikuwa inaushika. Ningeirusha, bawa lingekunjika hewani, juu ya ng'ombe na wachungaji.

Nikapasua mwanzi, nikauchonga vipande viwili vyembamba, virefu kuliko ufa, nikavibandika huku na huku kwa kole na kuvifunga kwa uzi. Ili bawa likauke limenyooka, mke wangu alileta ubao na fromaji nne za kulilalia. Jumapili, wageni waliotoka kanisani walipouliza kama zinauzwa, aliwajibu, "Hizo ziko kazini." Jumatatu nikabandika plastiki mpya kwa pasi ya makaa iliyopoapoa. Nilipoisimamisha ndege juu ya vidole viwili, ikaegemea upande wa mwanzi, basi nikaongeza msumari mdogo kwenye ncha ya pili.

Kabla ya kuirusha nilimjulisha chifu wa kijiji, kwa sababu huku kwetu watu hawapendi kusikia mlio angani bila kujua mwenyewe ni nani. Akaja malishoni kuangalia, na mke wangu na mzee nao wakawepo. Upepo ulikuwepo, ndege ikatikisika, lakini bawa likashika. Ikazunguka malisho mara nne na kutua kwenye majani.

Baba mkwe aliikagua kwa muda mrefu. "Nani alitengeneza?"

"Binti yako aliona ufa, Papa. Mimi nilipaka kole."

"Nilijua," akasema. "Njo maana niliiangusha. Nilitaka muangalie ndani."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikamshukuru mzee kwa adabu zote. Tulipoanza kushuka, mvua ikatukamata katikati ya mlima. Mzee akavua koti lake, mimi nikadhani ni la kumfunika binti yake. Akaifunika ndege, akaikumbatia, akatutangulia kwenye utelezi huku akituambia tuangalie tunapokanyaga.