Papa Aliyekunywa Lutuku

Wasomaji wangu, mtunza maabara wa sekondari niliyoanzia kazi ya ualimu amefariki, na juzi tulimzika. Matangani, huko Kampemba, niliwasikia watu wakisema ameuawa na lutuku, ile pombe kali ya mahindi. Mimi najua lutuku yake ilikuwa inakwenda wapi.

Kabatini mwake kulikuwa na chupa kubwa, na ndani yake papa mdogo wa kina kirefu, mweusi, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Wanafunzi wetu, watoto wa wachimba shaba, hawakuwahi kuona bahari. Mzee aliwaeleza kwamba samaki huyo huishi kwenye miteremko ya chini ya bahari ambako jua halifiki. Kwamba macho yake makubwa hunasa hata mwanga hafifu wa viumbe wanaong'aa, na ini lake lililojaa mafuta humsaidia asizame. "Baba yako anashuka chini na taa," alimwambia msichana mmoja. "Huyu njo anaishi kule, bila taa." Ubavuni pa papa lilielea yai lake, mfuko mgumu wenye nyuzi za kujifunga penye mwamba hadi mtoto atoke. Lile halikupata pa kujifunga.

Dawa ya kuhifadhia ilipoacha kuletwa, iliyokuwa chupani ilianza kupungua, mkia ukachomoza, ukakauka. Ndipo mzee akaanza kwenda kila Jumamosi kwa mama mmoja mpika lutuku. Nilimsindikiza mara moja. Alitaka ile inayodondoka kwanza, akaijaribu kwa kiberiti aone kama inashika moto.

"Muzee, utaunguza matumbo!"

"Si miye njo nakunywa, mama. Ni samaki."

"Eh! Samaki yako iko mulevi kupita bwana yangu!"

Siku hiyo mimi ndiye niliyeshika chupa ya papa akimimina lutuku ndani.

Wiki iliyofuata mkurugenzi wa shule alifungua kabati mbele ya walimu wote, akakuta lutuku iliyobaki, akainusa. "Citoyen, na hii?" aliuliza, kwa neno la "raia" tulilolazimishwa kuitana enzi zile.

"Ni ya samaki, citoyen directeur."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mzee alinitazama mimi peke yangu. Mnajua jinsi tunavyoishi: mkubwa akishamnyooshea mtu kidole, aliye karibu husogea pembeni. Nami nilikuwa mgeni kazini. Nikacheka. Kabla ya saa sita alikuwa amefukuzwa kwa ulevi, na haukupita muda papa akaoza, yai likasinyaa.

Juzi matangani, hatimaye, nilisema ile lutuku ilikuwa ya samaki kweli. Jamaa mmoja alijipiga paja: "Samaki ya kulewa!" Wakacheka vilevile kama siku ile. Mjane hakucheka.

"Weye ulikuwa mule ndani?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulinyamaza?"

"Hapana, mama. Nilicheka."

Aligeuza uso ukutani. Ukweli niliompelekea matangani haukumrudishia mumewe kazi wala jina. Ulipaswa kusemwa asubuhi ile, mbele ya kabati lililo wazi, wakati bado ungenigharimu kitu.