Mstari wa Mama Chokaa Hausogei

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande bado umelala juu ya nyasi. Mwanamke mfupi, aliyevaa jezi iliyokuwa nyeusi zamani na sasa haijulikani rangi, anasimama kwenye kona ya uwanja wa mpira na kunusa kamba.

Ananusa kweli. Anaivuta hadi puani, anaibana kati ya vidole, halafu anaigusisha shavuni kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

"Kavu," anasema. "Leo haijanywa maji."

Jina lake la kwenye vyeti wanalijua wachache, na wengi wao wamekwisha kulisahau. Hapa uwanjani ni Mama Chokaa. Ana miaka sitini na mmoja, na kwa miaka ishirini na mitatu ndiye anayechora mistari ya uwanja huu, nyumbani kwa timu ya Sisimizi. Kazi aliipokea kwa marehemu mumewe. Mapenzi ya timu alikuja nayo mwenyewe.

Wapo wanaoapa kwamba mistari yake imenyooka hivi kwamba rubani mmoja alishusha ndege akidhani ni uwanja wa kutua. Mama Chokaa anakanusha.

"Watu wanapenda kuongeza chumvi. Rubani hakutaka kutua. Alipunga mkono tu."

Vifaa vyake ni vichache: vigingi vya mti, ndoo, toroli yenye gurudumu linalolia, kopo lililotobolewa kitakoni, na kamba ya katani iliyofungwa vitambaa vya jezi kuukuu. Kitambaa chekundu ni mita kumi na sita na nusu, urefu wa eneo la penalti. Cheupe ni kumi na moja, mahali pa kutenga mpira wa penalti. Cha buluu ni tisa na kitu, kwa ajili ya duara la katikati.

Kila mechi hula magunia mawili ya chokaa na karibu kilomita mbili za kutembea ameinama. Malipo ya mechi moja yanatosha unga wa wiki na kipande cha sabuni. Msimu una mechi kumi na nne za nyumbani, kwa hiyo siku nyingine hupaka nyumba za watu. Viganja vyake vimechanika kama udongo wa kiangazi.

"Mkono wangu ukikusalimia," anasema, "nenda kapake mafuta."

Jumamosi hii si kama nyingine. Ni mechi ya mwisho ya msimu. Sisimizi wakishinda, wanabaki ligi kuu. Wakitoka sare au wakifungwa, wanashuka daraja. Wageni ni Nyundo, timu yenye winga mmoja aitwaye Umeme, kijana mwembamba ambaye akipata nafasi pembeni, beki huishia kumtafuta kwa macho.

Na kwa sababu ya huyo Umeme, Mama Chokaa alipata mgeni siku ya Alhamisi.

Mgeni mwenyewe ni katibu wa timu, mdogo wa marehemu mumewe. Alifika nyumbani kwake jioni, akakaa kwenye kigoda, akasifia chai kabla hajainywa.

"Shemeji, nimekuja na jambo dogo."

"Madogo yako nayajua. Sema."

"Ule mstari wa pembeni. Uingize ndani hatua mbili tu kila upande. Uwanja ukibana, Umeme hana pa kukimbilia."

"Vipimo vya uwanja viliandikishwa mwanzo wa msimu."

"Nani atakuja na futi? Wewe ndiye futi!"

Mama Chokaa akamtazama shemeji yake, ambaye tumbo lake lilianza uongozi kabla ya mwenyewe. "Shemeji, hilo shati nikilipunguza vidole viwili kila upande, utapumua?"

Katibu hakucheka. Alisema timu ikishuka daraja, mwaka ujao hakutakuwa na mechi za kutosha kumlipa mchora mistari. Akamwachia maneno hayo, na chai nusu kikombe.

Anayedhani uamuzi ulikuwa mwepesi hajawahi kupenda timu. Mama Chokaa alilia Sisimizi waliposhuka daraja miaka kumi na mmoja iliyopita, na mara ile, anasema bila kuzunguka, aliyewashusha ni yeye.

Siku hiyo aliiacha kamba chini usiku kucha na mvua ikanyesha. Katani ikilowa hujikunja na kufupika. Asubuhi akapima eneo la penalti kwa kamba iliyolewa maji, na eneo likatoka pungufu kwa karibu hatua nzima. Kipa wa Sisimizi, ambaye alizoea kuhesabu hatua zake kutoka golini bila kutazama chini, akatoka, akadaka mpira. Refa akatazama mstari. Kipa alikuwa nje. Kadi nyekundu, mpira wa adhabu, bao, daraja.

Jumapili yake Mama Chokaa alisimama mbele ya mkutano wa wanachama. "Kosa ni langu. Kamba ilinywa maji."

Walimcheka. Wengine walisema wapinzani walifukia kitu golini. Wengine wakasema kipa kanunuliwa. Kamati iliundwa ya kuchimba. Walichimba siku mbili, wakapata kijiko na soli ya kiatu, na vyote viwili vikatangazwa kuwa ushahidi.

"Ndivyo tulivyo," anasema akimimina chokaa kwenye kopo. "Ukituambia tumerogwa, tunakuja na majembe. Ukituambia kamba imelowa, tunasema huyu mama kachoka."

Tangu siku hiyo kamba haigusi ardhi ikimaliza kazi. Huning'inizwa kwenye msumari juu ya kitanda chake na jiwe limefungwa mwishoni, na kabla ya kupima hunuswa.

Saa moja na nusu amefika upande wa mashariki, kwenye mstari wenyewe uliozua maneno. Anachomeka kigingi, anageuka, anatembea kuelekea ukuta wa ghala ulio nyuma yake. Anahesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu..." Anaishia saba.

Kwenye daftari lake la shule, ukurasa ulioanza miaka sita iliyopita, imeandikwa kumi na moja. Chini yake kumi. Kisha tisa, mara mbili. Kisha nane. Sasa saba.

"Mstari wangu uko palepale," anasema. "Ukuta ndio wenye miguu. Sasa mimi nikiingia ndani hatua mbili, ukuta utasema, kumbe pale hamchezi, ngoja nisogee. Umeme tutamzuia Jumamosi moja. Ukuta nani ataurudisha?"

Mwenye ghala hakupatikana. Mlinzi wake alisema ukuta uko palepale tangu auone. Ameanza kazi mwezi uliopita. Katibu naye, alipoulizwa, alisema habari za ukuta hazijui. "Mimi nilitaka ushindi tu. Ni kosa?"

Ukimwacha Mama Chokaa aongee huku mkono ukifanya kazi, utapata maoni ya kutosha gazeti zima. Hapendi timu inunue washambuliaji watatu kila msimu wakati bomba la kumwagilia nyasi limevunjika tangu mwaka juzi. "Mshambuliaji anateleza, mnamzomea. Mzomeeni fundi bomba, ambaye hamjamwita."

Kuhusu choo ndiyo usimguse. Uwanja unachukua watu elfu tatu, choo cha wanawake ni kimoja, na ufunguo anakaa nao mwenyekiti wa kamati ya ufundi. "Choo kina ufundi gani?" anauliza. "Tena mwenyekiti mwenyewe hufika kipindi cha pili."

Zahanati ya mtaa iliwahi kumwita achore mstari sakafuni ili wagonjwa wapange foleni. Akachora, rangi mbili. Wiki haikuisha, wenye viatu vya kung'aa wakawa wanauvuka kama hawauoni.

"Tatizo la chokaa haiumi," anasema. "Ningepata chokaa inayouma, nchi ingenyooka."

Habari za zahanati anazipata kwa binti yake wa mwisho, muuguzi pale, ambaye ana kasoro moja kubwa: anashangilia Nyundo. "Nilimzaa kwa uchungu, akanilipa kwa Nyundo. Lakini ni mwanangu. Nampikia."

Saa tatu mistari imekamilika. Anarudi kona ya kwanza, anachuchumaa, anafumba jicho moja, anautazama mstari wa pembeni hadi mwisho. Upo pale ulipokuwa mwaka jana, na mwaka wa kabla yake.

Saa kumi jioni uwanja umejaa. Mama Chokaa anakaa mahali pake pa siku zote, juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya goli, na kuanzia hapo yeye si mtu mzima tena. Anamwita refa majina ya wanyama. Sisimizi wanapata bao dakika ya thelathini na nne, na ndoo inabaki peke yake. Mwenyewe yuko shingoni mwa muuza karanga.

Dakika ya themanini na moja Umeme anapokea mpira upande wa mashariki. Beki anambana, anamsukuma nje, nje, mpaka mpira unatembea juu ya chokaa yenyewe. Uwanja mzima unamtazama mshika kibendera. Kibendera hakiinuki. Mpira haujatoka wote. Krosi, kichwa, wavu.

Bao moja kwa bao moja. Hivyo hivyo hadi filimbi ya mwisho.

Hesabu haikuhitaji mwalimu. Mstari ungekuwa ndani hatua mbili, mpira ule ungekuwa wa kurusha, na Sisimizi wangebaki ligi kuu. Katibu alilisema jambo hilo kwa sauti, na likakimbia jukwaani haraka kuliko Umeme.

"Mama Chokaa, umetushusha!"

"Umekula kiasi gani, mama?"

Aling'oa vigingi kimoja kimoja, akaviweka kwenye toroli. Gurudumu lililia njia nzima kuelekea langoni. Hapo alimkuta binti yake amevaa jezi ya Nyundo, amekunja mikono.

"Mama, leo sikutanii."

"Nitanie tu, mwanangu. Ukininyamazia nitadhani nimefiwa."

"Haya. Mmeshuka kwa mstari mzuri."

Mama Chokaa akacheka, akajifuta macho na kiganja chenye chokaa, na wakaenda nyumbani mmoja akisukuma na mwingine akipangusa uso wa mwenzake kwa kona ya kanga.

Jumatatu asubuhi alikuwa uani akianua nguo alipomwona mchomelea vyuma wa barabara ya pili akiingia na mfuko mzito begani. Ndiye yule kipa wa miaka kumi na mmoja iliyopita. Baada ya kadi ile hakudaka tena, na tangu hapo salamu yake kwa Mama Chokaa ilikuwa kidevu tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alishikilia shuka lake kifuani. "Umekuja kunitukana? Pole, umechelewa, wenzako wamemaliza yote."

"Mimi nilijua sikutoka nje siku ile," mchomelea vyuma alisema. "Miguu yangu inazijua hatua zangu. Mwezi mzima wakaniita msaliti. Wewe ukasimama ukasema kamba, nami nikakasirika zaidi, maana nilikosa hata wa kumpiga. Kamba unaipigaje?"

"Kamba haipigwi."

"Basi jana nikasikia sasa msaliti ni wewe. Nikasema, kumbe sasa ni mwenzangu."

Akamwaga mfuko chini. Ulikuwa mnyororo mwembamba, pete kwa pete, kila pete kachomelea mwenyewe. Penye mita kumi na sita na nusu amepaka rangi nyekundu, kumi na moja nyeupe, tisa na kitu buluu.

"Huu haunywi maji."

Mama Chokaa hakusema asante. Aliingia ndani, akaishusha kamba kwenye msumari, akailaza sambamba na mnyororo, akachuchumaa na kufumba jicho moja.

"Umepungua kidole."

"Haujapungua. Kamba yako imenyooka uzee."

Wakabishana hapo nusu saa, wakaenda kuazima futi ya fundi seremala, na futi ikasema mnyororo ndio uliosema kweli. Hapo ndipo asante ilipotoka, pamoja na chai.

Chini ya mfuko kulikuwa na vitu vingine vinne: nondo nene, urefu wa mkono, zenye pete juu. Hivyo ndivyo vinavyomweka Mama Chokaa macho siku hizi. Jumapili ijayo wanachama wanakutana, na ajenda ya katibu ni kutafuta mchora mistari mwingine. Yeye ana ajenda yake: nondo moja kila kona ya uwanja, izikwe kwenye zege, ukurasa wa daftari usomwe kwa sauti, na barua ipelekwe halmashauri kuuliza ukuta unaelekea wapi.

Ana uhakika wa kura sita. Ya saba ni ya muuza karanga, ambaye shingo bado inamuuma.

Je, haogopi kupoteza kazi?

Mama Chokaa anazungusha mnyororo mpya kiganjani, bado anaunusa, mazoea hayaachi mtu.

"Wanitoe tu, mimi mgongo wenyewe umeshaniaga," anasema. "Ila nizike kwanza hizi nondo. Atakayekuja baada yangu, hata kama ni mwoga, akute pa kufungia kamba."