Kumchagulia Janeth Masomo

Chuo kimetangaza, tena kwa herufi kubwa, kwamba nafasi za shahada ya mazingira ni chache na hakuna hata moja itakayokaa bure. Mwanafunzi asiyechagua masomo ya mwaka wa kwanza kufikia Ijumaa atahesabiwa kuwa ameikataa nafasi yake, nayo atapewa mwingine.

Tangazo hilo lilimfikia Mariana, muuza dagaa wa sokoni Sumbawanga, akiwa anapepeta mzigo wa Kasanga. Lilimfikia yeye kwa sababu binti yake, Janeth, alipoomba chuo aliandika namba ya mama. Simu yake mwenyewe ilikuwa na tabia ya kuzima. Lilianza na "Ndugu Janeth."

Janeth alikuwa amezikwa mwezi uliopita huko bondeni Mtowisa, kwa baba yake, baada ya homa iliyoanza kama mafua. Chuo hakikuwa na habari, na Mariana hakuona kama ni juu yake kukipa habari. Mtoto ameshachukuliwa. Nafasi aliyoisotea miaka yote ile, nayo aiachie kwa mkono wake?

Ijumaa asubuhi alivaa sweta, maana upepo wa Ufipa haujui msiba, akaenda stesheneri kwa Abuu, kijana anayewajazia maombi nusu ya vijana wa mji.

"Shikamoo mama. Mwenyewe yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko Mtowisa."

"Hawa watoto! Anakutuma chuo kama anakutuma nyanya. Hebu mpigie."

"Hapatikani."

"Bondeni nako, mtandao mpaka upande kichuguu," Abuu akasema, akafungua ukurasa.

Masomo matano yalikuwa ya lazima, yakajichagua yenyewe. Uhuru wa mwanafunzi ulihifadhiwa kwenye la sita: achague moja kati ya matatu.

"Maziwa na viumbe wake?"

"Hapana. Tulipokwenda Wampembe kwa boti alitapika njia nzima."

"Kwani mama, watasomea ndani ya boti? Haya. Misitu?"

"Anaogopa nyoka."

Abuu akacheka mpaka akaegemea kiti. "Mtaalamu wa mazingira tumempata! Basi tumuweke kwenye udongo. Kwenye udongo hana la kuogopa."

Nyuma ya Mariana alikuwa amesimama Mwanamvua, mwenye duka la vitenge, aliyekuja kutoa kopi. Huyu alikuwa amelala matanga pamoja naye mpaka yakaanuliwa.

"Abuu! Fyata mdomo, wewe mtoto! Unajua unasema nini?"

"Mwache, dada," Mariana akasema. "Andika huo huo."

Abuu akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. Mikono ikaondoka kwenye kibodi.

"Mama Janeth," akasema mwishowe, "mimi sikujua..."

"Andika, mwanangu. Wanafunga leo."

Akaandika. Kisha akamsogezea kipanya, akamwonyesha pa kubonyeza, na yeye akageuka kutazama kalenda ya ukutani. Mariana akabonyeza. Mfumo ukampongeza Janeth kwa jina lake, ukamtakia masomo mema.

Muhula ulianza Novemba. Kwenye darasa la udongo, kiti kimoja hakikukaliwa.