Parabole ya Papa Direkta na Makomanda Wawili

Televizyo yetu ya Kisangani ilikuwa na dekoda moja. Dekoda moja maana yake picha moja. Papa direkta, mwenye stesheni, akitaka mpira, mji wote uliounganishwa ulitazama mpira. Akisinzia mbele ya chaneli ya Kiarabu, nyumba mia moja na kumi na mbili zilitazama ngamia mpaka mke wake amwamshe. Nyumba hizo nilizihesabu mwenyewe, mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mia moja na nne. Nane zilijiunga zenyewe, kwa waya wa breki ya baiskeli.

Kazi yangu ilikuwa kuvuta kebo na kupatana na watu, na ya pili ndiyo ilikuwa nzito. Kebo mbili zilitoka kwetu: moja ilikwenda mtaa wa Mangobo, nyingine katikati ya mji. Tulizipitisha juu ya nguzo za miti mibichi, na kwa mvua ya kwetu nguzo zilichipua. Mwezi wa tatu zilikuwa na majani, na kila mbuzi wa mtaa alikuwa mteja wetu.

Kebo papa direkta aliinunua kwa kuuza lori lake la mwisho la kahawa. Parabole, ile sahani kubwa ya chuma inayonasa picha kutoka juu, aliinunua kwa shamba aliloachiwa na baba yake kule Yahuma. Ilisimama uani juu ya msingi wa saruji, na mke wake kila asubuhi alipita mbele yake na beseni la vyombo, akasema:

"Jambo, papa mkwe. Umelala salama?"

Hawakuwa na kitu kingine. Sahani ikienda, nyumba imekwenda.

Wakati huo mji ulikuwa na majeshi mawili ya wageni. Walikuja pamoja kutukomboa, na sasa walikuwa hawasalimiani. Katikati ya mji alitawala komanda mnene, Mangobo alitawala komanda mwembamba. Tulikombolewa vizuri hivi kwamba mtu akitoka sokoni na fungu la sombe, majani ya muhogo, aliombwa karatasi mara mbili.

Wote wawili walipenda televizyo. Komanda mnene alituletea hotuba yake kwenye kaseti: mji ni shwari, raia waende kazini. Kesho yake mwembamba akaleta yake: raia waende kazini, mji ni shwari. Niliisikiliza mara mbili nitafute tofauti. Tofauti ilikuwa kofia.

"Yangu itangulie," alisema mnene. "Nikimuona yule mbele yangu, hiyo sahani inakuja kambini."

Mwembamba alisema vilevile, ila kwa adabu zaidi, na askari zaidi.

Papa direkta alikaa chini, mikono kichwani. "Bon. Mutu wa kwanza iko mumoja tu. Nitafanya nini, mwanangu?"

"Papa, tuko na mashine ngapi za video?"

"Mbili."

"Na kebo?"

"Mbili." Akaniangalia. "Wewe utaniua."

Lakini alikuwa anacheka. Basi kila jioni, saa ya habari, tulichomoa dekoda tukawasha video mbili. Kebo ya mjini ilianza na mnene, kisha mwembamba. Kebo ya Mangobo ilianza na mwembamba, kisha mnene. Kila mmoja alikaa kwake akajiona wa kwanza, na kwa wiki tano mji ulikuwa shwari kweli, angalau ndani ya televizyo. Komanda mnene hata alitutumia makayabu, samaki wa chumvi, vipande sita. Vilifika vinne.

Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu nyumba zote, za kulipa na za kuiba, na sikuhesabu mwanamke. Komanda mnene alikuwa na deuxième bureau, yaani ofisi ya pili, ile isiyo na meza. Mama huyo aliuza bia Mangobo. Jioni moja komanda alikuwa kwake kwa siri, amevua buti, na televizyo ikaanza habari na mwembamba.

Tulisimuliwa kwamba mama alicheka. "Ah, papa! Kumbe wewe uko wa nyuma?"

Asubuhi walikuja askari wanane, wakang'oa sahani. Saa sita mwembamba akapata habari, akatuma wake wachukue dekoda, "kwa usalama wake". Papa direkta alikaa juu ya ule msingi wa saruji, mahali pa sahani, kana kwamba yeye ndiye angenasa picha.

"Papa mkwe amefungwa," alisema mke wake, na safari hii hakucheka.

Nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, nikaenda kupatana. Mnene akasema: dekoda ije kwanza, ndipo sahani itoke. Mwembamba akasema: sahani kwanza. Nilikwenda na kurudi mara tatu. Wote walinipa kiti. Wote walisema wanataka amani. Sahani bila dekoda ni beseni, dekoda bila sahani ni tofali, na kila komanda alilinda chake kwa bunduki.

Safari ya nne nilikuta askari wa mnene wameifunga sahani juu ya paa la kambi. Hawakuitazamisha mbinguni. Waliilaza, uso wake ukaelekea moja kwa moja kambi ya mwembamba. Hapo nikapata bei yangu.

"Afande, nilikuwa upande ule jana. Watu wa mizinga waliniuliza: ile kitu ya muviringo iko nini?"

"Uliwaambia nini?"

"Nilisema televizyo. Wakacheka."

"Wakacheka nini?"

"Walisema rada zote zinaitwa televizyo."

Alitoka nje, akaitazama sahani, akatazama inakoelekea. "Itoe."

"Iko nzito, afande. Labda na lori."

"Chukua lori."

"Lori halina mazuti."

"Chukua mazuti! Itoe leo!"

Mpaka leo najilaumu sikuomba na kiti.

Kesho yake nilikwenda kwa mwembamba. Nilimwambia sahani imerudi kwetu, na kwamba upande ule wanasema ni rada, na dekoda yenye taa nyekundu ndiyo inayoionyesha pa kutazama, yaani palepale ilipo. Aliichomoa yeye mwenyewe, kwa kijiti, akanikabidhi akiwa amegeuza uso.

Papa direkta alinikumbatia. Mke wake alipika wali, akaiambia sahani, "Karibu nyumbani, papa mkwe." Nyumba mia moja na kumi na mbili ziliona ngamia tena, na hakuna aliyelalamika.

Wiki iliyofuata makomanda waliacha kunyimana salamu, wakaanza kupigana. Tulilala kifudifudi kwenye korido, mchana kutwa, watu wanne na bata. Bomu lilianguka uani. Hakuna aliyeumia. Tulipotoka, msingi wa saruji ulikuwa pale pale, na juu yake hakuna kitu.

Papa direkta alisimama, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mwanangu. Ile habari ya rada. Si ulisema ni uongo?"

"Ni uongo, papa."

"Uliwaambia watu wangapi?"

"Wawili."

"Hesabu tena."

Nilihesabu tena. Wawili. Na mizinga yote ya Kisangani ilikuwa ya hao wawili. Kila mmoja baadaye alisema bomu lilikuwa la mwenzake, na kwa mara ya kwanza sikujua nimwamini nani, wala nipatane na nani.

Mke wa papa direkta alizunguka ua mpaka akapata kipande cha chuma, kimepinda kama kikaango. Akakiosha, akakiweka juu ya mafiga, akamwaga karanga.

"Asante, papa mkwe," alisema. "Leo umetulisha."