Mjukuu Wangu na Macho ya Omena

Sikwenda Dubai kutalii. Nilikwenda kumchukua mjukuu wangu. Tulikuwa tumekubaliana hivyo na binti yangu kwa simu, baada ya kuambiwa kliniki kwamba uzito wa mtoto umeshuka: niende nikae nao mwezi mmoja, na ikiwa mtoto bado anakataa chakula, nirudi naye Kakamega. Binti yangu alikubali huku akilia. Mimi nilikata simu, nikaanika godoro dogo juani siku hiyohiyo, kwa sababu sikuwa na shaka yoyote. Nimelea watoto, nimefundisha darasa la kwanza mpaka nikastaafu, na sikuwa nimewahi kushindwa na mdomo wa mtoto.

Wanaishi Karama, katika fleti wanayochangia na watu wengine. Kila mtu ana chumba chake, lakini chumba cha kupikia ni kimoja, chenye jiko moja la gesi na meza moja ndogo, kwa hiyo watu hupika na kula kwa zamu. Baada ya zamu ya binti yangu hufuata ya mama mmoja Mganda, mcheshi kweli, anayesafisha nyumba za watu. Mkwe wangu ni mlinzi wa ghorofa huko Al Nahda. Hukesha kazini, na mchana akilala haturuhusiwi hata kugonga sufuria. Binti yangu ni mhudumu wa mgahawa katika hoteli moja ya Garhoud, karibu na uwanja wa ndege, na kazi yake anaijua. Sahani nne hubeba kwa mkono mmoja. Nilimwona akifanya hivyo nyumbani, nikajivuna bila kumwambia.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu na miguu kama njiti za kiberiti. Alikula wali mweupe na biskuti. Vingine vyote alivitazama tu, kama mtu anayesoma barua ya serikali.

Nilianza kazi kesho yake. Nilikuwa nimebeba kunde zilizokaushwa, unga wa wimbi na omena, wale dagaa wa ziwani, na mabegi yangu yalinuka mpaka dereva wa teksi akashusha vioo. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," nikamwambia binti yangu kabla hajaenda kazini. Alipotoka, nikampakata mtoto, nikajaza kijiko uji wa wimbi, nikasema, "Fungua mdomo." Akaufunga. Nikamwimbia. Nikamwahidi kumpeleka kuona ndege zikitua. Nikamkazia macho yaleyale yaliyokuwa yakinyamazisha darasa zima. Na yeye akanikazia yake, na uji wote ukaishia kwenye leso yangu. Mchana wa pili ukawa hivyo, na wa tatu, mpaka leso za kubadilisha zikaniishia.

Basi siku moja nikasusa. Nikasema moyoni, asile, shauri yake. Nikajikaangia omena kwa kitunguu na nyanya, nikasonga ugali wa mtu mmoja, nikaketi kula kwa mkono bila kumwita yeyote. Mtoto akaja mwenyewe. Akapanda kiti cha pili, akainamia sahani yangu.

"Shosho, hii iko na macho."

"Ndiyo. Ni samaki."

"Inaniona?"

"Muulize mwenyewe."

Akamshika mmoja mkiani, akamwinua hadi usawa wa uso wake, wakatazamana. Akamlaza mezani. Akamtafutia mwenzake, akawapanga sambamba, akawanusa, akailamba nyanya kwenye kidole chake, akakunja uso, akailamba tena. Mimi nilikuwa bado nimenuna, na ndiyo sababu pekee sikusema kitu. Ugali ulipoa. Nilikuwa karibu kuinuka alipomng'ata omena wa kwanza kichwa, kwa meno ya mbele, taratibu.

"Sasa haioni," akasema, akamalizia mwili wote. Kisha akamla mwenzake. Kisha akavuta sahani yangu upande wake, na nilichobakiza siku hiyo ni ugali mtupu.

Nilitaka mama yake ajionee. Jioni nikapika maharagwe, nikamwekea mtoto sahani, nikakaa kando nikijifanya napanga vijiko. Kweli, akaanza. Akatoa haragwe moja, akalibinya, ganda likatoka, akachungulia ndani. Akaweka kijiko chini ili apate mkono wa kubinyia la pili.

"Khalas, baby? Umemaliza?" binti yangu akasema, na kabla hajajibiwa sahani ilikuwa imeshainuliwa, meza imeshapanguswa, maharagwe yamo kwenye sinki. Alifanya hayo yote huku akinisimulia habari za meneja wao. Mganda alikuwa tayari mlangoni na sufuria yake. "Banange, mama, leo mmekula haraka!" akasema kwa furaha. Mtoto akatazama mahali ilipokuwa sahani. Hakulia. Aliteremka kitini, akaenda kutafuta biskuti.

Hapo nikaelewa. Hotelini kwao mgeni akiweka kijiko chini ameshiba, na mhudumu anayesifiwa ni yule ambaye meza yake haikai na vyombo. Mikono ya binti yangu haikujua kwamba imefika nyumbani. Mtoto anataka akijue chakula kwanza, akishike, akinuse, akisemeshe, ndipo aonje. Kila akikaribia kuonja, chakula kinaondoka.

Nikanyamaza. Nilisimama kwenye sinki nikiosha sahani zile, na nilijua vizuri kwa nini nanyamaza. Nikisema, mtoto atakula, nami nitaondoka peke yangu. Nisiposema, mwisho wa mwezi nitapita uwanja wa ndege nimeshika mkono mdogo. Nyumba yangu imepoa tangu mzee wangu afariki. Napika chungu kidogo, nakula nikisikiliza redio. Nilimtaka yule mtoto. Nilimtaka sana.

Binti yangu akaja na kitambaa, akaanza kukausha vyombo.

"Mum," akasema, "ukienda naye, atanisahau?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia kwa kuuliza swali hilo wakati huo, kwa sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo na ameamka na homa. Nikapiga sufuria kwenye sinki.

"Mikono yako hiyo," nikasema, "ndiyo inayomnyima mtoto chakula."

"Aki Mum, si ni yeye anakataa!"

"Hajakataa. Anaanza kwa kuangalia. Wewe unamwondolea akiwa bado anaangalia. Hapa si hotelini, na huyu si mgeni wako."

Alisimama na sahani kifuani. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa amekuja kutafuta viatu vyake vya kazi. "Hata wewe huwa nakuondolea sahani?"

"Kila siku," mkwe wangu akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi hujaza mdomo mapema."

Binti yangu alicheka mpaka akaegemea friji, na alipomaliza kucheka alikuwa analia. Nami nilicheka, ingawa moyo uliniuma.

Kuanzia kesho yake tulimwambia binti yangu akalie mikono yake wakati wa chakula, na alihitaji kukumbushwa. Mganda tulimwomba asisubiri zamu, aje na sufuria yake tule pamoja. Akaja na matoke, akayaweka katikati. Tukakubaliana kwamba hakuna atakayemwambia mtoto "kula", hata mimi, na mimi ndiye niliyepata taabu zaidi. Mtoto aliponda matoke kwa kiganja. Aligundua kwamba bamia ina utelezi unaovutika kama uzi, akauvuta mpaka Mganda akaziba macho, kisha akaila. Kunde alizikubali baada ya kuzikataa mara nyingi. Biringanya amekataa mpaka leo, na hapo simlaumu, hata mimi siipendi. Meza ilikuwa ikiachwa kama imenyeshewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, binti yangu alikuwa akinitania, na nilimwambia aongeze sabuni.

Kliniki wakasema uzito umepanda. Hatukuzungumza tena habari ya kuondoka naye. Nilimshukuru binti yangu kimoyomoyo kwa kutoniuliza.

Siku ya safari teksi ilikuwa chini ikisubiri, na mkwe wangu alikuwa ameshateremsha mabegi. Mtoto alikuwa mezani na chapati na mchicha, akiupanga mchicha jani moja moja. Nikainama nimbusu. Akaushika mkono wangu kwa vidole vyenye mafuta.

"Shosho, ngoja. Sijamaliza."

Binti yangu akanitazama, akarudisha mikono yake chini ya mapaja. Simu yake ikaita, ni mumewe, hakupokea. Nikavuta kiti, nikaketi na mkoba mapajani. Mtoto akachukua jani, akalinusa, akalitia mdomoni, akaanza kutafuna polepole, na mimi bibi yake nikawa namwomba Mungu asimalize.